Msituambie Habari za Tamaa

Kila mtu anapolizwa fedha zake kwa njia ya simu, hukumu hutoka kabla hajamaliza kueleza yaliyomkuta. "Tamaa hiyo." "Alitaka hela ya bure." "Mtu mzima, unatajaje namba yako ya siri?" Utayasikia hayo kijiweni, utayasikia redioni asubuhi, utayasikia hata kituo cha polisi alikokwenda kutafuta msaada. Ni moja ya mambo machache ambayo msomi na asiyesoma, wa Dar es Salaam na wa Nairobi, wanakubaliana bila ubishi: anayetapeliwa mtandaoni kajitakia.

Si kweli. Na naona imani hii inatuumiza kuliko matapeli wenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotuzuia kufundishana. Kama kutapeliwa kunatokana na tabia mbaya, dawa yake ni kukemea, na kukemea tumekemea miaka yote hii bila mafanikio. Kama kunatokana na kukosa maarifa, basi lipo somo ambalo watu hawakupewa, na wapo waliopaswa kulitoa wakanyamaza.

Chukua meseji ambayo karibu kila mwenye laini Tanzania amewahi kuipata: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Isome tena polepole. Hakuna anayeahidiwa chochote ndani yake. Hakuna zawadi, hakuna faida, hakuna bahati nasibu. Anayenaswa na meseji hii ni mtu aliyekuwa anadaiwa na alikuwa njiani kulipa: mpangaji ambaye kodi yake imefika na mwenye nyumba alimpigia jana, mwenye duka anayemalizia deni la mzigo Kariakoo, kaka anayemtumia mdogo wake ada. Tapeli hakuwajua watu hao. Alituma meseji kwa namba nyingi kadiri alivyoweza, akijua kwamba miongoni mwao wapo wachache ambao saa hiyo hiyo wanasubiri kuelekezwa pa kutuma. Mwenye tamaa, yule asiyelipa madeni yake, meseji hii haimgusi. Inamgusa mlipaji.

Na itazame sehemu ya mwisho, "jina litakuja fulani". Kampuni za simu ziliweka utaratibu wa kuonyesha jina la mpokeaji kabla mtumaji hajaingiza namba ya siri, ili ajiridhishe. Ulikuwa ulinzi mzuri. Tapeli akaubomoa kwa maneno matatu: anakutajia mapema jina geni litakalotokea, kwa hiyo likitokea, badala ya kukushtua linakuthibitishia kwamba hujakosea. Hiyo ni kazi ya mtu anayeujua mfumo na anayemjua binadamu. Kumwita aliyenaswa mjinga ni kumhukumu bila hata kuangalia alipambana na nini.

Ipo na ile ya hela iliyokosewa. Unapata meseji kwamba umetumiwa shilingi 85,000, na dakika mbili baadaye anapiga mtu anayekaribia kulia: amekosea namba moja tu, hela ni ya dawa, anaomba umrudishie. Meseji ile haikutoka kwenye mfumo wa kampuni yoyote. Aliiandika mwenyewe kwenye simu yake, akaiga maneno ya meseji za muamala, akaituma kwa laini ya kawaida. Asiyejua kwamba maneno yanaigika, na kwamba ushahidi wa kweli ni salio, anarudisha hela ambayo hakupokea. Sasa niambieni, mwenye tamaa angefanya nini? Angezima simu akakaa na hela ya mwenzake. Aliyelizwa hapa ni mwaminifu.

Rafiki yako wa siku nyingi anakuandikia WhatsApp: samahani, kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nirushie. Anayekuandikia si yeye. Akaunti yake ilichukuliwa jana kwa njia hiyo hiyo, na namba hizo sita ndizo zinazoihamisha akaunti yako kwenda kwenye simu ya mwizi. Unazituma kwa sababu umeombwa na rafiki, na rafiki haombwi maelezo.

Halafu ile inayoniuma zaidi, simu ya mtoto aliye bweni. Mzazi yuko shambani Mbozi au sokoni Machakos, simu inaita, sauti yenye adabu inaanza kwa salamu, "Shikamoo mama", inajitambulisha kuwa ni mwalimu wa zamu, mtoto ameanguka ghafla, yuko hospitali, inatakiwa hela ya vipimo sasa hivi. Mama anatuma. Ni kweli hakupiga shuleni kwanza. Lakini ni nani kati yetu amelelewa kumkatia simu mtu aliyemwamkia kwa heshima, tena anayejiita mwalimu? Utapeli huu umejengwa juu ya malezi yetu mema: kuitikia salamu, kumsikiliza mwenye dhamana, kukimbilia mgonjwa, kutomhoji mtu aliye katika shida. Malezi hayo hayana kosa na sitaki yafutwe. Yanahitaji kuongezewa jambo moja ambalo wazee wetu hawakulihitaji kwa sababu walizungumza na watu wakiwaona usoni: kwamba kumwambia mtu "nakata, nitakupigia mwenyewe kwa namba ninayoijua" si utovu wa adabu. Mwalimu wa kweli hatakasirika. Mama akilijua hilo ameshapata sehemu kubwa ya somo la usalama, na halihitaji cheti cha kidato cha nne.

Hadi hapa tumezungumzia walioitikia simu au kujibu meseji. Wapo ambao hawakufanya hata hilo. Juni 2021 Wakenya waliingia kwenye tovuti ya eCitizen kuangalia kama majina yao yamo katika orodha za vyama vya siasa, na wengi wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvitia mguu. Kusajiliwa kulihitaji namba ya kitambulisho. Ilitoka wapi? Mwulize Mkenya yeyote ni mara ngapi ameandika jina, kitambulisho na namba ya simu kwenye daftari la askari getini, au kwenye daftari la wakala wa M-Pesa, huku akiona mistari yote ya waliomtangulia. Madaftari yale yalijaa, yakawekwa kando, yakaanzishwa mengine. Hakuna aliyeuliza ya zamani yalikwenda wapi.

Mwingine anaamka asubuhi simu haina mtandao, anadhani mnara una hitilafu. Kumbe mtu amekwenda kwa wakala, amejifanya yeye, amepewa laini mpya yenye namba yake. Hadi mchana akaunti ya benki imekaushwa, maana meseji za uthibitisho zilikuwa zinaingia kwa mwizi. Tamaa ya mtu huyo iko wapi?

Tanzania tulisajili laini upya kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tuliambiwa kwamba hapo matapeli wamepatikana. Lakini usajili mwingi ulifanyika chini ya miamvuli barabarani. Mteja akiambiwa "haijasoma, weka tena", aliweka tena, asijue kwamba kidole kilichowekwa mara ya pili kinaweza kusajili laini ya pili kwa jina lake, na laini hiyo ikaishia mikononi mwa mtu asiyemjua. Nani alimweleza? Aliyesimama mbele yake ndiye aliyekuwa na sababu ya kutomweleza.

Anayeamini kwamba elimu kubwa humkinga mtu, nimpe majina. Kati ya 2013 na 2015 Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alizitumia Google na Facebook ankara za uongo kwa jina la kampuni ya Asia iliyokuwa ikiziuzia vifaa, na kampuni hizo mbili zikamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa New York kifungo cha miaka 5 mwaka 2019. Agosti mwaka huo huo akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa na watu waliofanikiwa kuihamisha namba yake ya simu. Mmoja wa waanzilishi wa mtandao huo aliangushwa na mbinu ile ile ya laini inayomwangusha mfanyabiashara wa Mwanza.

Wa tatu ananifaa zaidi. Troy Hunt ni Mwaustralia aliyeanzisha mwaka 2013 huduma ya Have I Been Pwned, ambayo humwezesha mtu yeyote kuangalia kama barua pepe yake imo katika hifadhi zilizovuja. Kazi yake ni kuwafundisha walimwengu kuhusu nywila na mitego. Machi 2025, akiwa London, amechoka na safari ndefu ya ndege, alipokea barua pepe iliyoonekana imetoka kwenye kampuni anayoitumia kusambazia jarida lake, ikisema akaunti yake imewekewa kizuizi. Akafungua kiungo, akaingiza nywila, akaingiza na namba za uthibitisho. Wezi wakaondoka na anwani za wasomaji wake takriban 16,000. Hakuficha. Aliandika yote hadharani, pamoja na dalili aliyoipuuza: programu yake ya kutunzia nywila haikujaza nywila yenyewe kama ilivyozoea, kwa sababu programu hiyo huangalia anwani ya tovuti na haidanganywi na sura yake.

Hunt hakuwa na tamaa na hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka. Na tofauti kati yake na shangazi yako wa Singida ni kwamba yeye, kwa kuwa anajua mambo hayo yanavyofanya kazi, alitambua kosa mara moja, akabadilisha nywila, akawaarifu wasomaji wake. Maarifa hayakumfanya asianguke. Yalimsaidia kuinuka upesi. Shangazi anaanguka vivyo hivyo, lakini hajui la kufanya, na wa kumwuliza anamcheka.

Najua jibu litakalofuata. Vipi waliopanda fedha zao kwenye upatu wa DECI hapa Tanzania hadi Serikali ikaingilia kati mwaka 2009? Vipi waliojipanga foleni kwenye ukumbi wa KICC Nairobi katikati ya 2023 ili kampuni ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya? Hao nao hawakuwa na tamaa?

Hii ndiyo hoja nzito ya upande wa pili na sitaikwepa. Ndiyo, walitaka kupata kitu. Lakini kutaka faida ndilo jambo tunalohimizana kila siku kwenye vikoba na semina za ujasiriamali, na huko hatuliiti tamaa. Waliokuwa foleni KICC walikuwa vijana wengi wasio na kazi katika mwaka wa bei kupanda, na kilichoombwa kwao hakikuwa na bei katika akili ya mtu yeyote. Hawakuambiwa kwamba nywila ikiibwa unaibadilisha na mboni ya jicho huibadilishi. Serikali ya Kenya ilisimamisha zoezi lile mwanzoni mwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe, ikisema ridhaa iliyonunuliwa kwa namna ile si ridhaa na kwamba tathmini inayotakiwa kisheria haikufanyika. Tazama mahakama ilimwekea nani kosa. Haikuwahukumu waliosimama juani. Iliihukumu kampuni.

Mikopo ya simu ni hivyo hivyo. Mtu anakopa saa tano usiku kwa sababu mtoto ana homa, na programu inamwomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu. Anabonyeza kukubali. Siku ya kulipa ikipita, meseji za matusi na vitisho zinakwenda kwa bosi wake, kwa mchungaji wake, kwa mkwe wake. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kwa njia hiyo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni, zile tunazoziita kausha damu. Yule mkwe aliyetukanwa hakukopa hata shilingi. Alikuwa na kosa moja, kuwemo kwenye simu ya mtu mwingine. Hapo ndipo unapoona kwamba faragha si jambo la mtu mmoja na maovu yake ya siri. Ninayoyatunza kwenye simu yangu ni ya watu mia mbili wengine ambao hawakunipa idhini ya kuyagawa.

Tumefundishwa nini, basi, hadi leo? Kitu kimoja: usimpe mtu namba yako ya siri. Tunaambiwa na kampuni, na benki, na bango, na mtangazaji. Ni amri sahihi, na haitoshi hata kidogo. Rudi kwenye mitego niliyoieleza: ya kodi, ya hela iliyokosewa, ya mwalimu wa zamu. Hakuna hata mmoja unaoitaka namba yako ya siri. Unaiingiza mwenyewe, kwenye simu yako mwenyewe, bila kumtajia mtu. Aliyeishika amri hiyo kwa uaminifu wote analizwa kama asiyeijua, na akilizwa, mtangazaji anamrudia na amri ile ile kwa sauti ya juu zaidi.

Na pale tulipofundishwa zaidi ya hapo, mara nyingi tulifundishwa vibaya. Maofisini tumelazimishwa kubadilisha nywila kila miezi mitatu, yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Kanuni hizo zilienea kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr. Mwaka 2017 Burr mwenyewe alisema anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huo huo NIST ikatoa mwongozo mpya: nywila isibadilishwe kwa kalenda bali kukiwa na dalili kwamba imevuja, na urefu una faida kuliko alama za ajabu ajabu. Sababu ni nyepesi. Mtu akilazimishwa kubadilisha kila mara, anaandika Juma2023!, kisha Juma2024!, kisha anaibandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Ofisi ngapi Dodoma na Nairobi bado zinaishi kwa kanuni ya 2003, kisha zinawakaripia wahasibu wao kwa uzembe?

Au ile alama ya kufuli kwenye kivinjari. Kwa miaka mingi tuliambiwa tovuti yenye kufuli ni salama. Kufuli linaeleza jambo moja tu, kwamba mazungumzo kati yako na tovuti ile hayasomeki njiani. Ni kama daladala yenye vioo vya giza: walio nje hawakuoni, lakini vioo havikuambii dereva ni nani wala anakupeleka wapi. Tapeli anapata kufuli hilo bure kwa dakika chache. Cha kuangalia ni jina la tovuti lenyewe, herufi kwa herufi, na zaidi ya hapo ni kutoingia benki kupitia kiungo ulichotumiwa na mtu.

Somo lenyewe si kubwa. Linaeleweka na mtu yeyote anayeweza kuweka hesabu za kikoba, mradi aelezwe sababu na si amri tupu. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Ukichagua mwaka wako wa kuzaliwa umempunguzia mwizi kazi hadi chini ya 100, na ukitumia mwaka wa mtoto wako hujaongeza kitu, maana picha ya sherehe yake iko Facebook. Nywila ndefu ya maneno manne yasiyohusiana, tuseme mwiko, tarumbeta, kobe na Jumanne, ni ngumu kwa mashine na rahisi kwako kuikumbuka. Usitumie hayo maana nimeshayaandika. Na usitumie nywila moja kila mahali, kwa kuwa mwizi aliyeipata kwenye tovuti moja iliyovuja hujaribu anwani na nywila hiyo hiyo kwenye tovuti nyingine mamia, kwa programu inayofanya kazi yeye akiwa amelala. Barua pepe ipewe nywila yake peke yake, iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako zote zilizobaki.

Laini ina namba yake ya siri, tofauti na ya simu na tofauti na ya fedha, na wengi hawajawahi kuiweka. Bila hiyo, mwizi wa simu hana haja ya kufungua simu yako: anachomoa laini, anaitia kwenye simu yake, meseji za uthibitisho zinamfuata. WhatsApp nayo ina uthibitishaji wa hatua mbili. Ukiuweka, mwizi akizipata zile namba sita bado anatakiwa namba nyingine unayoijua wewe tu. Inachukua muda mfupi kuliko kupika chai.

Masasisho ya simu na kompyuta hufunga matundu ambayo wadukuzi wameshayajua. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipovuruga hospitali za Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu lile tangu Machi. Hapa kwetu watu huyaahirisha masasisho, na wanaoitwa wavivu kwa hilo ni watu wanaohesabu bando. Waeleze kwamba yale ya usalama yapewe nafasi ya kwanza, kwamba yasubiriwe mahali penye Wi-Fi ya mtu wanayemwamini, na utaona kama ni uvivu.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wanaoandika kwa ajili ya watu wa Ulaya hawaligusi kwa sababu hawalioni. Vijana wengi wa Tanzania walifunguliwa barua pepe yao ya kwanza na mhudumu wa steshenari, siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu au kazi. Kenya ni saiba, siku ya kujaza fomu za kodi za KRA au za mkopo wa masomo wa HELB. Mhudumu ndiye aliyetunga nywila, mara nyingi jina la mteja na 123, akaiandika pembeni mwa fomu, na akaunti ikabaki wazi kwenye kompyuta ambayo mteja anayefuata anaikalia. Nakala za vyeti na za kitambulisho cha NIDA ziko kwenye kompyuta ile hadi leo. Simlaumu mhudumu, alikuwa anasaidia. Ila kijana yule anaanza maisha yake ya mtandaoni nyumba yake ikiwa na funguo kwa mtu mwingine, na hakuna somo la shule lililomwambia aibadilishe nywila akifika nyumbani.

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Hazikutungwa kwa ajili ya wenye maovu ya kuficha. Mwaka 2023 kamishna wa Kenya aliitoza shule ya Roma faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi wa starehe wa Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Mtu alikwenda kustarehe, hakufanya kosa lolote, na bado ana haki ya kuamua sura yake itumike wapi. Lakini haki usiyoijua huidai. Ni wangapi wanajua kwamba wanaweza kumwuliza anayechukua kitambulisho chao getini anakihitaji kwa kazi gani na atakitunza hadi lini?

Kwa hiyo nawarudia wanaosema tamaa. Maneno yenu yana gharama. Aliyelizwa anaona aibu, anakaa kimya, haendi kuripoti, na laini iliyomliza inaendelea kuwaliza wengine jioni hiyo hiyo. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Maana yake hii ni kazi ya watu waliojipanga, wenye mgawanyo wa majukumu na mafunzo ya kurithishana. Wao wanafundishana. Sisi tunachekana. Na kampuni zinazopata mapato kwa kila muamala zinafurahia mjadala ukibaki kwenye tabia ya mteja, maana mjadala huo hauulizi kwa nini wakala aliweza kutoa laini ya mtu kwa mtu mwingine, wala kwa nini muamala uliotumwa kwa tapeli unachukua siku nyingi kurudishwa.

Nataka mambo matatu, na sioni hata moja lisilowezekana. Kampuni ya simu inayouza laini itumie dakika tano za kwanza za mteja kumwekea namba ya siri ya laini na kumweleza kwa nini. Shule ifundishe haya kabla ya kidato cha pili, kwa kuwa watoto wanashika simu kabla ya hapo. Na viongozi wa vikoba, wa jumuiya, wa misikiti na makanisa watenge nusu saa ya mkutano mmoja kwa mwezi, mtu asimame aeleze mtego uliompata bila kuogopa kuchekwa.

La nne ni lako unayesoma, hasa kama ndiwe uliyemnunulia mama yako simu janja ukamwachia na namba 1234. Uliye Tanzania, ukipata meseji ya kitapeli, usiifute tu, ipeleke 15040 ili namba iliyoituma ifungiwe. Piga pia *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ukaikane dukani kwa kampuni husika. Kisha kaa na mzazi wako, mfanyie na yeye, na umweleze sababu ya kila hatua kwa upole ule ule aliokufundishia kufunga viatu.